JUA, NGOZI, NA ULINZI WAKE



Jua ni zawadi kubwa. Linakausha mihogo yetu na samaki wa Tchomia, linakuza maharagwe, tena linausaidia mwili kutengeneza vitamini D ambayo mifupa inaihitaji. Lakini jua hilohilo lina miale iwezayo kuharibu ngozi, hata kuleta kansa. Kwa watu wenye ngozi nyeusi hatari hiyo ni ndogo. Kwa ndugu zetu wenye ualbino ni kubwa sana, na wengi wao wamekufa kwa kansa ya ngozi wakiwa bado vijana. Jambo la kuhuzunisha ni hili, kwamba sehemu kubwa ya vifo hivyo ingaliweza kuzuiliwa kwa kofia, nguo, krimu, na kuja mapema kwa munganga.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu: namna miale inavyoharibu mwili kwa ndani, vitu vinavyoukinga, na kazi inayotupasa sisi sote.

1. MIALE HIYO NI NINI?

Jua hutoa mwangaza tunaouona na joto tunalolisikia. Hutoa pia miale mingine ambayo macho hayaioni wala ngozi haiisikii. Jina lake ni ultravioleti. Ndiyo inayoharibu.

Watu wengi hufikiri kwamba joto ndilo linalochoma ngozi. Sivyo. Siku ya baridi na upepo, mtu aweza kuungua pasipo kujua. Hata mawingu mepesi yaweza kupitisha sehemu 80 katika 100 za miale hiyo.

Mji wetu wa Bunia uko karibu na mstari wa ikweta. Saa sita mchana jua hupita karibu juu ya vichwa vyetu, na miale hutufikia kwa njia fupi. Tena Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kila mtu apandapo mita 1,000, miale ya ultravioleti huongezeka kama sehemu 10 katika 100, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Basi, anga likiwa safi, mtu wa Bunia aweza kupata miale mingi kuliko mtu wa Mombasa, ijapokuwa Mombasa kuna joto zaidi.

2. MAAGIZO YALIYOMO NDANI YA MWILI

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, ambazo ni ndogo hata hazionekani kwa macho matupu. Ndani ya seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna ADN. (Wale wanaosoma Kiingereza huandika DNA; ni kitu kimoja.) ADN ni kama kamba mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja. Umbo lake lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, nao walisaidiwa na picha alizozipiga Rosalind Franklin.

Juu ya kamba hizo kuna maandiko ya herufi nne tu: A, T, G na C. Herufi A ya kamba moja huelekeana na T ya kamba ya pili. G huelekeana na C. Kwa hiyo anayejua kamba moja aweza kuijua na ya pili. Tutaona faida ya jambo hilo baadaye.

Maandiko haya ni maagizo ya mwili. Yanaamuru rangi ya ngozi na umbo la pua. Yanaamuru pia ni lini seli igawanyike na ni lini ipumzike. Seli za ngozi huzeeka na kubanduka kila siku, na mpya huzaliwa mahali pake. Kabla ya seli kugawanyika, lazima inakili maagizo yake yote, ili kila seli mpya ipate nakala yake.

3. MIALE INAHARIBUJE?

Mwale wa ultravioleti ukiigonga ADN mahali ambapo herufi T mbili zinafuatana, waweza kuzigandisha pamoja. Ni kama kurasa mbili za kitabu zilizoshikana kwa gundi. Seli ikija kunakili maagizo, ikifika hapo, haiwezi kusoma vizuri. Hubahatisha, na pengine huandika herufi isiyo sahihi. Kosa hilo huingia katika seli mpya, na katika zote zitakazotoka kwake.

Lakini seli haikuachwa bila msaada. Ndani yake wamo mafundi, yaani proteini za kazi ya pekee. Hupita juu ya kamba wakitafuta mahali palipovimba, hukata kipande kilichoharibika, kisha hukijaza upya kwa kuitazama kamba ya pili. Hii ndiyo faida ya kuwa na kamba mbili. Mwaka 2015 zawadi ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa watu watatu waliochunguza kazi ya mafundi hao: Tomas Lindahl, Paul Modrich, na Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki. Sancar ndiye aliyeeleza namna kipande kilichoharibiwa na ultravioleti kinavyokatwa na kutolewa.

Mafundi hawa hufanya kazi usiku na mchana. Tena seli iliyoharibika kupita kiasi hujiua yenyewe, nayo ndiyo sababu ngozi iliyoungua hubanduka baada ya siku chache. Lakini mtu akikaa juani mchana kutwa, siku kwa siku, mwaka kwa mwaka, mafundi huzidiwa. Makosa hubaki na kuongezeka, kama deni katika daftari la mwenye duka. Hatimaye kosa moja huangukia lile agizo lisemalo, “Acha kugawanyika.” Seli hiyo haiachi tena. Inazaa, na watoto wake wanazaa, bila mpaka. Hiyo ndiyo kansa.

Angalieni basi: kansa ya ngozi huonekana leo, lakini ilianza zamani, tangu utoto. Kwa hiyo ulinzi nao lazima uanze utotoni.

4. MWAMVULI WA MELANINI

Mwili una dawa yake ya kuzuia miale. Jina lake ni melanini, nayo ni ile rangi nyeusi au kahawia ya ngozi, nywele na macho. Katika ngozi kuna seli za kazi ya pekee ambazo huchukua kitu kiitwacho tirozini, kipatikanacho katika chakula kama maharagwe, samaki na nyama, na kukigeuza kuwa melanini. Kisha huifunga katika vifurushi vidogo na kuwagawia majirani zake. Kila seli jirani hupanga vifurushi hivyo juu ya kiini chake, upande unaoelekea jua, kama mtu ashikavyo mwamvuli juu ya kichwa. Mwale ukija, melanini huumeza na kuugeuza kuwa joto kidogo, nayo ADN iliyo chini husalimika.

Watafiti walipima jambo hilo, na habari zao zilitolewa mwaka 1979. Ile miale ya ultravioleti inayochoma sana, ngozi ya juu ya watu weusi iliipitisha kama sehemu 7 katika 100 tu. Ngozi ya watu weupe iliipitisha kama sehemu 24.

Mtu mwenye ualbino ana melanini kidogo sana, au hana kabisa. Mwamvuli haupo. Naye anaishi chini ya jua letu kali, analima, anauza sokoni, anachunga mbuzi, sawasawa na watu wengine.

5. KWA NINI MTOTO HUZALIWA HIVYO?

Imetupasa kusema wazi, kwa maana maneno ya uongo yameumiza watu wengi. Ualbino si laana. Hautokani na mama kutazama kitu fulani akiwa na mimba, wala si ushuhuda wa uzinzi. Hauambukizi kwa kushikana mikono au kula pamoja.

Kila mtu ana nakala mbili za kila agizo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mtu akiwa na nakala moja nzima ya agizo la melanini na nyingine yenye kosa, ngozi yake ni nyeusi tu, wala hajui kitu. Lakini ikiwa baba na mama wote wawili wana nakala moja yenye kosa, basi kwa kila mimba kuna nafasi moja katika nne kwamba mtoto atapata zile mbili zenye kosa. Huyo ndiye atakayezaliwa na ualbino. Basi mume hana haki ya kumshitaki mke, kwa maana nakala moja imetoka kwake yeye.

Jambo hili si la nadra kwetu. Katika Tanzania imekadiriwa kwamba mtu mmoja katika 1,400 hivi ana ualbino. Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni mmoja katika 17,000 hadi 20,000. Tangu mwaka 2015, tarehe 13 mwezi wa 6 huadhimishwa duniani pote kuwa siku ya kukumbuka haki zao. Wengi wao huchukia kuitwa zeruzeru au ndundu. Tumwite kila mmoja kwa jina lake.

6. UGONJWA UNAVYOENDELEA

Waganga wa hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, waliandika mwaka 1985 juu ya watu wenye ualbino waliowapima. Waliona kwamba ngozi huanza kuharibika tangu mwaka wa kwanza wa uhai. Ndivyo ilivyo: mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni, kichwa wazi, mama akipalilia shamba, tayari deni limeanza kuandikwa.

Mzazi, mtazame mtoto wako kwa dalili hizi:

a) Ngozi inakuwa nyekundu na kuuma baada ya jua.
b) Inakauka, inakunjamana, na kutoka madoadoa.
c) Magamba magumu yanatokea masikioni, usoni, shingoni, juu ya mikono, au katika mdomo wa chini. Ukiyabandua yanarudi.
d) Kidonda kidogo kinatokea, au uvimbe, kinatoa damu upesi, wala hakiponi.

Magamba si kansa bado, lakini ni onyo. Yakionekana mapema munganga aweza kuyaondoa kwa kuyagandisha kwa baridi kali au kwa dawa ya kupaka. Kidonda kisichopona kwa majuma manne kisikae nyumbani hata siku moja zaidi. Hatari yake ni kwamba pengine hakiumi sana, na watu hukidharau. Wengine hupaka majivu au majani, na miezi inapita. Kansa ikiwa ndogo hukatwa kwa upasuaji mdogo, mgonjwa akiwa macho, na mara nyingi hupona kabisa. Ikiachwa hula sikio au shavu na kuingia katika tezi za shingo. Ndipo hutafutwa matibabu ya miale katika mji mkubwa kama Kampala, safari ya mbali na ya gharama nyingi, na pengine wakati umekwisha kupita.

7. VITU VINAVYOKINGA

Kivuli na nguo ndivyo vya kwanza, wala havihitaji fedha nyingi. Tangu saa 4 asubuhi hata saa 10 alasiri miale ina nguvu. Hiki ndicho kipimo ambacho hata mtoto aweza kukitumia: tazama kivuli chako, kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta mahali pa kujificha. Vaa mikono mirefu, na suruali au kikwembe kinachofika miguuni. Nguo yenye nyuzi zilizobanana ni bora. Iinue mbele ya mwangaza. Ikiwa waona mwangaza mwingi kupitia kwake, miale nayo itapita. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote, ili ifunike masikio na shingo. Kofia ya kepi haifuniki masikio.

Krimu ya kukinga jua ni ya pili. Ndani yake mna madawa yanayofanya kazi iliyo karibu na ile ya melanini: yanameza mwale kabla haujafika kwenye seli. Mengine ni unga mweupe, kama oksidi ya zinki na oksidi ya titani, ambao humeza miale na kurudisha mingine nyuma. Namba iliyoandikwa ni nguvu yake. Krimu ya 30 hupitisha sehemu moja tu katika 30 ya miale inayochoma, lakini kwa sharti ipakwe ya kutosha. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili juu ya vidole viwili, tangu shina hata ncha. Paka nusu saa kabla ya kutoka, na kurudia kila baada ya saa mbili. Usisahau masikio. Mtoto aliye chini ya miezi sita asipakwe. Afunikwe na kukaa kivulini. Mafuta ya mawese, Vaseline, na mafuta ya watoto hulainisha ngozi tu. Hayawezi kuwa badala ya krimu.

Krimu za Ulaya ni ghali. Lakini huko Moshi, Tanzania, katika chuo cha magonjwa ya ngozi kilicho kwenye hospitali ya KCMC, krimu iitwayo Kilisun imekuwa ikitengenezwa tangu miaka ya 2010, kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa. Kazi hiyo ilianzishwa na mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto. Hapo twaona kwamba dawa hii yaweza kutengenezwa katika nchi zetu.

Vidonge je? Katika Australia watu 386 waliokwisha kupata kansa za ngozi walijaribiwa, na habari zilitolewa mwaka 2015. Waliopewa nikotinamidi, ambayo ni vitamini B3 ya namna moja, miligramu 500 mara mbili kwa siku, walipata kansa mpya pungufu kwa sehemu 23 katika 100. Inadhaniwa kwamba dawa hii huwaongezea wale mafundi wa ADN nguvu ya kazi. Walipoacha kuinywa, faida ilikoma. Lakini hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya ualbino, kwa hiyo mtu asinunue vidonge kwa shauri lake mwenyewe. Amwulize munganga.

Wengine huuliza pia juu ya picha ya radio ya hospitali. Miale yake ni ya namna nyingine. Hupenya mwili mzima, na yaweza kukata kamba za ADN, au kupasua maji ya seli na kutoa vipande vikali vinavyoishambulia ADN. Mwaka 1951 mtaalamu wa Ubelgiji, Zénon Bacq wa Liège, alieleza kwamba dawa yenye salfa iitwayo sisteamini iliwakinga panya, ikiwa wamepewa kabla ya miale. Baadaye ikapatikana amifostini, ya jamaa hiyohiyo, ambayo hupewa baadhi ya wagonjwa wa kansa ili kulinda tezi za mate wakati wa matibabu ya miale. Lakini hutapisha na kushusha nguvu ya damu, kwa hiyo hutolewa hospitalini tu. Picha moja ya kifua ina miale kidogo sana, mtu asiikatae kwa hofu. Mama mwenye mimba amwambie mpigaji picha kwanza.

8. NENO KWA WENYE NGOZI NYEUSI

Wako watu ambao Mungu amewapa mwamvuli, nao wanautupa. Mafuta ya kung'arisha ngozi mara nyingi yana hidrokinoni au zebaki. Dawa hizi huzuia tirozini isigeuzwe kuwa melanini. Uso unakuwa mweupe, na ADN inabaki wazi chini ya jua. Zebaki huingia mwilini na kuharibu figo. Ndugu yako mwenye ualbino hakuchagua kukosa melanini. Wewe unayo, usiinunulie sumu.

9. KAZI YETU SISI SOTE

Wazazi: mfunike mtoto tangu siku anapozaliwa. Mpeni mtoto huyu kazi za ndani na za jioni, na wengine waende shambani mchana.

Walimu: mtoto mwenye ualbino haoni mbali, kwa maana melanini hupungua hata machoni. Aketi mbele, karibu na ubao, mbali na dirisha lenye jua. Mruhusuni kuvaa kofia na mikono mirefu, hata kama si nguo za masomo. Asisimamishwe juani kwa adhabu.

Washiriki wa kanisa: mkutano ukifanyika nje, mahali penye kivuli papewe wao kwanza. Kofia moja na chupa ya krimu ni sadaka njema. Na kijana akikua, msaidieni kujifunza kazi ya kivulini, kama kushona, kufundisha, au kuandika, ili chakula chake kisimgharimu uhai wake.

Wagonjwa wenyewe: njooni mtazamwe ngozi kila miezi sita, hata kama hamwoni neno.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Je, siku ya baridi na mawingu miale haipo?
2. Mafundi wa seli hutazama nini wanapotengeneza kamba iliyoharibika?
3. Melanini hukaa wapi ndani ya seli, na kwa kazi gani?
4. Mtoto akizaliwa na ualbino, ni nani aliyetoa nakala zenye kosa?
5. Kidonda kisichopona kwa majuma manne, utakifanyaje?
6. Katika kanisa lenu au mtaa wenu yuko nani asiye na kofia?

Likisha kujibiwa lile la mwisho, msingoje juma lijalo.